Saketi ya umeme: kwa nini mkondo lazima urudi ulikotoka

Saketi ya umeme ni njia iliyofungwa inayoanzia kwenye chanzo cha umeme, ikapita kwenye vifaa, na kurudi kwenye chanzo kile kile. Ikikatika mahali popote, hata kwa upenyo mwembamba kama unywele, mkondo husimama kwenye njia nzima papo hapo. Wanafunzi wengi huikariri maana hii na kuiandika vizuri kwenye mtihani, huku moyoni bado wanaamini kwamba umeme hutoka kwenye betri, hufika kwenye balbu na kuishia humo. Imani hiyo ikibaki, kila kinachofuata kwenye mada hii kitakuwa cha kukariri tu.

Tuanze na tochi ya mawe mawili. Kila jiwe lina volti 1.5. Upande wenye kinundu kidogo ni chanya, na kitako bapa ni hasi. Ukiyapanga kichwa cha moja kikigusa kitako cha jingine, volti zinajumlishwa na kuwa 3. Ile springi iliyo nyuma ya tochi haikuwekwa kwa ajili ya kubana mawe peke yake. Ni sehemu ya saketi. Njia ya mkondo hupita kwenye springi, ikafuata bati la mwili wa tochi, ikavuka swichi na kufika kwenye balbu, na upande wa pili wa balbu unagusa kichwa cha jiwe la mbele. Kama mwili wa tochi ni wa plastiki, chungulia ndani: utaona kipande chembamba cha bati kilichopita ubavuni. Kikipata kutu, tochi inagoma hata kama mawe ni mapya.

Sasa itoe balbu yenyewe uitazame. Uzi mwembamba ulio ndani ya kioo una ncha mbili. Moja imeunganishwa na kitako cha chuma chenye misokoto ya skrubu, nyingine na nukta ndogo iliyo chini kabisa, na katikati yao pana pete nyeusi isiyopitisha umeme. Hapo kuna zoezi ambalo kila mwanafunzi angestahili kulifanya kwa mikono yake: jiwe moja, balbu moja, kipande kimoja cha waya, washa balbu. Wengi hugusisha nukta ya chini kwenye kichwa cha jiwe na kusubiri. Haiwaki. Wakiunganisha waya kutoka ubavu wa balbu hadi kitako cha jiwe, inawaka. Uzi ule lazima uwe katikati ya njia, umeme uingie ncha moja na kutokea nyingine.

Vipimo vitatu vinatosha kuielezea saketi hiyo. Volteji, inayopimwa kwa volti, ni msukumo unaotolewa na chanzo. Mkondo, unaopimwa kwa ampia, ni kiasi cha chaji kinachopita kila sekunde. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni kiasi ambacho kifaa kinazuia mkondo. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha uhusiano wake: volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Kama balbu ya tochi yetu ina ukinzani wa omu 10 ikiwa imewaka, volti 3 zitasukuma ampia 0.3. Ongeza jiwe la tatu, mkondo unaongezeka na balbu inang'aa zaidi, pengine hadi uzi ukatike.

Sasa chukua ameta, kifaa cha kupimia mkondo, uiweke kabla ya balbu. Inasoma 0.3. Ihamishie baada ya balbu. Inasoma 0.3 ile ile. Balbu haijala hata chembe ya mkondo. Kinachotolewa kwenye balbu ni nishati, inayogeuka kuwa mwanga na joto. Elektroni, yaani chembe ndogo zinazobeba chaji ndani ya waya, zenyewe zinaendelea na safari. Fikiria mnyororo wa baiskeli: unapokanyaga pedali, mnyororo wote unasogea kwa pamoja, nguvu ya miguu yako inafika gurudumu la nyuma, na hakuna pingili hata moja inayoliwa. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, huendi popote.

Mfano huo unajibu swali jingine pia. Ndani ya waya wa shaba, elektroni husogea polepole mno, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa sekunde. Mbona basi taa inawaka mara tu unapobonyeza swichi? Kwa sababu waya haukuwa mtupu. Elektroni zilikuwa zimeujaza tangu mwanzo, na swichi inapofunga njia, zote huanza kusogea karibu kwa wakati mmoja.

Kuhusu mwelekeo: vitabuni mkondo huchorwa ukitoka chanya kwenda hasi, ilhali elektroni huenda kinyume chake. Utaratibu huo ulikuwa umeshazoeleka kabla mwanafizikia Mwingereza J. J. Thomson hajagundua elektroni mwaka 1897, na hesabu zinatoka sawasawa kwa vyovyote, kwa hiyo ukaachwa ulivyo.

Ukiwa na balbu mbili, una namna mbili za kuziunga. Kwa mfuatano, mkondo unapita ya kwanza kisha ya pili. Ukinzani unajumlishwa: omu 10 na 10 ni 20, mkondo unashuka hadi ampia 0.15, na zote zinafifia. Moja ikiungua, zote zinazima. Kwa sambamba, kila balbu ina njia yake hadi kwenye betri, kila moja inapata volti 3 kamili na kuchukua ampia 0.3. Zinang'aa vizuri, ila betri sasa inatoa ampia 0.6 na itaisha mapema. (Uzi wa balbu hubadilika ukinzani kadiri unavyopata joto, kwa hiyo ukipima balbu halisi namba zitatofautiana na hizi. Ukitaka hesabu itoke safi, tumia rezista, kifaa kidogo chenye ukinzani maalumu.)

Nyumba zetu zimefungwa kwa sambamba. Ndiyo maana taa ya chumbani ikiungua redio ya sebuleni inaendelea kuimba. Lakini sambamba ina deni lake: kila kifaa unachochomeka kinaongeza mkondo kwenye waya wa pamoja. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linachukua karibu ampia 8.7, yaani wati gawanya kwa volti. Pasi ya wati 1,200 inachukua 5.2. Zichomeke zote kwenye ekstensheni moja na jumla ni karibu ampia 13.9, wakati plagi yake ina fyuzi ya 13. Fyuzi ni waya mwembamba uliokusudiwa kuyeyuka kabla waya za nyumba hazijapata moto. Anayeweka kipande cha msumari mahali pa fyuzi iliyoungua ameondoa kinga na kuliacha tatizo pale pale.

Shoti ni jambo jingine, nalo ni kali zaidi. Hutokea chanya na hasi, au laivu (waya unaoleta umeme nyumbani) na nyutro (waya unaourudisha), zinapogusana bila kifaa chochote katikati. Njia imefungwa, ukinzani karibu haupo, na mkondo unapanda kupita kiasi. Kwa mawe ya tochi, waya utapata moto vidoleni. Kwa betri ya simu, inaweza kulipuka. Kwa umeme wa ukutani, nyumba inaungua. Majaribio yote fanya kwa mawe ya tochi; volti 230 zinaua, na mwalimu asiruhusu mwanafunzi azisogelee kwa udadisi.

Vifaa vilivyobaki utavielewa kwa haraka ukishaishika njia. Dayodi huruhusu mkondo upite upande mmoja tu. Kapasita hutunza chaji kidogo na kuiachia. Transista hutumia mkondo mdogo kuongoza mkubwa. Rezista hupunguza mkondo, na thamani yake imeandikwa kwa rangi: kahawia, nyeusi na nyekundu ni omu 1,000. Kazi yake inaonekana wazi kwenye LED, yaani dayodi inayotoa mwanga. LED nyekundu inataka takribani volti 2 na ampia 0.02. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 9, inakufa papo hapo. Volti 7 za ziada lazima zibaki kwenye rezista, na 7 gawanya kwa 0.02 ni omu 350. Madukani utapata ya 390. Itatosha, na LED itawaka ikififia kidogo sana.