Kituo Kikisema Shuka, Chombo Kikisema Panda

Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 900 kwa saa, husogeleana kwa mita 500 kila sekunde. Zikibakiza kilomita 15, marubani wana nusu dakika, na kwa umbali huo huenda wasiione kabisa ndege iliyo mbele yao. Usiku ni vigumu zaidi, maana taa huonekana lakini umbali wake haupimiki kwa jicho.

Kinga ya kwanza ni waongozaji wa ndege walioko ardhini. Katika safari za juu, kati ya futi 29,000 na 41,000, kawaida huziachanisha ndege kwa futi 1,000 za kimo au, penye rada, maili 5 za baharini. Kinga ya mwisho imo ndani ya ndege yenyewe: chombo kiitwacho TCAS. Hiki hakisubiri kituo chochote. Huziuliza kwa redio transponda za ndege jirani, yaani vifaa vinavyojibu vyenyewe kwa redio, na kwa majibu yake hukokotoa muda uliobaki kabla hazijakutana. Kwanza hutoa tahadhari. Hatari ikizidi hutoa amri, panda au shuka, na vyombo vya ndege mbili hupatana vyenyewe ili kimoja kikiagiza kupanda, kingine kiagize kushuka. Rubani anatarajiwa kuanza kutii ndani ya sekunde 5.

Sasa, itakuwaje mwongozaji akisema shuka na chombo kikasema panda?

Japani ililijibu swali hilo kwa bahati tu. Tarehe 31 Januari 2001, karibu na Yaizu, mwongozaji aliyekuwa mafunzoni alichanganya namba za ndege mbili za Japan Airlines, akaiamuru Boeing 747 ishuke badala ya DC-10. TCAS ya 747 ikataka ipande; rubani akaendelea kushuka. DC-10, ikitii chombo chake, nayo ilikuwa inashuka. Zilipishana kwa takribani mita 135, zikiwa na watu 677 kwa jumla. Rubani wa 747 aliinamisha ndege ghafla mno kiasi kwamba watu wapatao 100 waliumia. Abiria anayefungua mkanda mara tu taa inapozimwa aifikirie safari hiyo.

Mwaka uliofuata bahati haikuwapo. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, kusini mwa Ujerumani, Tupolev 154 ya Urusi na Boeing 757 ya mizigo ya DHL zilikuwa futi 36,000 zote mbili, njia zao zikikatana. Anga hiyo iliongozwa kutoka Zürich, Uswisi, na usiku huo mwongozaji mmoja alikuwa akihudumia meza mbili huku mwenzake akipumzika. Mitambo ilikuwa kwenye matengenezo, onyo la kwenye skrini halikufanya kazi, na simu kuu ilikuwa imezimwa. Waongozaji wenzao wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari ikikaribia, wakapiga simu bila kupata.

Mwongozaji alipogundua, aliiamuru Tupolev ishuke. Sekunde chache baadaye TCAS ya Tupolev ikaagiza kupanda, na ile ya 757 kushuka. Rubani msaidizi alitaja kwamba chombo kinasema panda, lakini ndege ikaendelea kufuata sauti ya redioni. Ziligongana kwenye kimo cha takribani futi 34,900. Watu wote 71 walikufa, wengi wao watoto.

Ni rahisi kumtupia lawama mtu mmoja. Mimi naona uzito zaidi kwenye vitabu vya marubani hao, ambavyo havikusema waziwazi nani asikilizwe. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ilizirekebisha taratibu: amri ya TCAS ikishatoka, rubani huifuata hata kama inapingana na kituo, hutoa taarifa redioni, na mwongozaji huacha kuipa ndege hiyo maelekezo ya kubadili kimo mpaka aambiwe hatari imekwisha.

Hata hivyo chombo kina mipaka. Hakiioni ndege isiyo na transponda inayofanya kazi, na chini ya takribani futi 1,000 kutoka ardhini hakitoi amri za kupanda wala kushuka, kwa kuwa amri potofu ikitoka ndege iko karibu kutua inaweza kuua. Sehemu kama hizo, ambako ndege za abiria, za mafunzo na helikopta hubanana, hubaki mikononi mwa wanadamu. Nairobi inalijua hilo: tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani iligongana na Cessna ya mafunzo karibu na uwanja wa Wilson. Waliokuwa kwenye Cessna, watu wawili, walikufa. Dash 8 ilirudi ikatua salama.

Washington nako, tarehe 29 Januari 2025, helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa karibu kutua, wakafa watu 67. Ndege ilipata tahadhari ya TCAS sekunde kama 20 kabla. Amri haikuja, kwa kuwa ilikuwa chini mno. Wachunguzi walipofukua kumbukumbu walikuta matukio 85, tangu Oktoba 2021 hadi Desemba 2024, ambapo helikopta na ndege zilikaribiana hapo kwa chini ya futi 1,500 kwa upande na chini ya futi 200 kwa kimo. Machi 2025 kipande cha njia ya helikopta kinachopita hapo kilifungwa.