Mawasiliano katika Maendeleo Si Kupeleka Ujumbe Tu
Kwa miongo mingi imeaminika, hata katika ofisi za mashirika ya kimataifa hapa Nairobi, kwamba mradi wa maendeleo unapokwama ni kwa sababu wananchi hawajaelimishwa vya kutosha, na kwamba dawa yake ni kuongeza mabango na matangazo. Imani hiyo haiwatendei watu haki. Mkazi wa Kibera anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 anajua vizuri faida ya kunawa mikono. Kinachomzuia mara nyingi ni bei ya maji, jambo ambalo bango haliwezi kulibadilisha, lakini ambalo wapangaji wa mradi wangelijua mapema iwapo wangemsikiliza kabla ya bajeti kupitishwa.

Azimio namba 51/172 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1996, lilisisitiza mawasiliano ya pande mbili yanayoziwezesha jamii kujieleza na kushiriki katika maamuzi yanayohusu maendeleo yao. Redio za kijamii, kama Koch FM ya Korogocho, hutumikia lengo hilo, kwa kuwa msikilizaji naye hupata nafasi ya kusema. Matangazo bado yanahitajika, hasa kipindupindu kinapozuka, ambapo taarifa ya haraka huokoa maisha.