Fadhila Haikai Pangoni: Hoja ya Miskawayh

Wanafunzi wangu wa falsafa hapa Mbale, Uganda, huniuliza mara kwa mara kama mtu anayejitenga ili amwabudu Mungu kwa utulivu huikaribia furaha kuliko anayeshinda sokoni. Jibu ninaloliegemea ni la Miskawayh, mwanafalsafa Mwajemi aliyefariki mwaka 1030, ambaye katika kitabu chake cha maadili, Tahdhib al-Akhlaq, aliwakemea waliokimbilia mapangoni na majangwani wakidhani wamejipatia fadhila. Ukarimu na uadilifu ni matendo, nayo huhitaji mtu wa kutendewa. Asiye na wa kumpa haitwi mkarimu, na asiye na wa kumdhulumu hatuna njia ya kujua kama ni mwadilifu. Watu hao aliwafananisha na maiti.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyoisoma sharia yenyewe. Sala tano za jamaa huwakusanya watu wa mtaa mmoja, Ijumaa huwakusanya wa mji mzima, Idi mbili huwaongeza wa vijiji vya jirani, na Hija huwakutanisha Waislamu wa nchi za mbali walau mara moja katika umri wao. Utaratibu huo wote, kwa maoni yake, unakusudia pia kukuza mazoea na mapenzi baina ya watu. Aliyesali Idi katika kilima cha Kibuli jijini Kampala, ambako hakimu na dereva wa bodaboda husimama safu moja, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwanafalsafa al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alikwishafundisha kwamba ukamilifu wa mtu haupatikani bila kushirikiana na wenzake. Anayeonekana kupinga ni Ibn Bajja, mwanafalsafa wa Andalusia (Hispania ya Waislamu), aliyemshauri mwenye hekima aishi kama mgeni katika mji ulioharibika. Hata hivyo, naye alikiri kwamba upweke kwa asili yake ni shari, na hufaa tu kama afyuni inavyomfaa mgonjwa.

Udhaifu ninaouona kwa Miskawayh uko kwingine: watu huweza kusali bega kwa bega miaka mingi bila mmoja kujua kwamba mwenzake amelala na njaa. Sura ya al-Maun inawaonya wanaosali kwa kujionyesha huku wakinyima msaada mdogo. Kwa hiyo darasani naisoma hoja yake sambamba na sura hiyo, na mjadala huwa mkali zaidi tunapofika kwenye zaka.