Mtoto kaanza meno ya juu, tulieni jamani

Juzi tena. Kaja mama kijana kutoka Mbagala na mtoto wa miezi 9, bibi yake mtoto pembeni kanuna kama kafiwa. Shikamoo bibi, tatizo nini? Akanong'ona, "Daktari mwanangu, kaanza ya juu." Basi. Homa hana, ananyonya vizuri, fizi safi kabisa. Wanataka nimng'oe eti asiwe kigego, yaani mtoto wa mkosi. Jina lenyewe linafanana na gego wakati ugomvi ni wa meno ya mbele, lakini tuyaache hayo.

Ni kweli wengi wanaanza na mawili ya chini ya katikati, miezi 6 mpaka 10. Ya juu yanakuja miezi 8 mpaka 12. Sasa si unaona hizo namba zinavyoingiliana? Wa miezi 9 kutanguliza la juu wala sio kituko. Na ukiling'oa hujarudisha chochote nyuma, jipya litakuja kwenye miaka 7 huko, mtoto anakaa na pengo muda wote huo kwa sababu ya maneno ya majirani.

Wanaozaliwa na jino nao wanaitwa vigego, na hao ndo wananiumiza kichwa kikwelikweli. Mara nyingi ni meno ya chini ya mbele, tena ni ya utoto yenyewe, sio ya ziada, yamewahi tu. Vitabu vinasema likilegea sana toa, mtoto asije akapaliwa nalo. Sana ndo kiasi gani sasa? Nalitikisa kwa kidole naamua. Kuna niliyoyaacha nikalala na wasiwasi yakaja kukaza yenyewe, na kuna niliyoyatoa ambayo mpaka leo nahisi yangekaza. Kama hajafikisha siku 10 nauliza kwanza habari ya vitamini K, damu isije ikagoma kuganda.

Nikamuuliza bibi, umeshawahi kumfunua mbuzi mdomo? Juu mbele hana jino hata moja, fizi ngumu tu. Tembo ndo kabisa, chini mbele hana kitu na zile tunazoita pembe ndo meno yake ya mbele ya juu, mbona hamumwiti kigego? Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniuliza, kwa hiyo ya chini yakitoka mkosi ndo umeisha?

Nikamwambia umeisha bibi, maana foleni ilishafika mlangoni.