Je, wajua kwa nini mfupa wa paja la ng'ombe ni bomba?

Kwenye bucha yoyote ya Moshi, tazama mfupa wa paja uliokatwa katikati kwa msumeno: pembeni ukuta mweupe mgumu, ndani uboho mtupu. Wengi hudhani uwazi ule uliwekwa kwa ajili ya uboho. Uboho umejipatia nafasi tu.

Ng'ombe anapokanyaga, mfupa hubanwa na pia hupindwa. Ukipindwa, upande mmoja huvutika, wa pili hubanwa, na katikati karibu hapana kazi. Mfupa uliojaa hadi ndani ungeongeza uzito bila faida kubwa, ndiyo maana hata fremu ya baiskeli ni bomba, si nondo. Lakini ukuta ukiwa mwembamba mno, bomba hubonyea na kujikunja.

Kwenye kichwa cha mfupa huohuo, kinachoingia kwenye nyonga, mambo ni tofauti: kuna vitundu vingi na vijiti vidogo vilivyopangwa kufuata njia za mzigo. Miaka ya 1860 mhandisi Karl Culmann wa Zürich, alipoonyeshwa mifupa ya aina hiyo na mwanaanatomia Hermann von Meyer, aliona vijiti vinafanana na mistari ya mkazo aliyozoea kuichora.

Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu hana haja na haya yote. Maji humbeba, na mifupa inayoshika mapezi yake ya tumboni haigusi uti wa mgongo. Mnyama wa nchi kavu akiwa hivyo hasogei: miguu ya nyuma ingesukuma nyama tu. Kwake nyonga imefungwa kwenye uti wa mgongo, na pingili zina ndimi zinazoshikana ili mgongo usilegee katikati. Mpangilio huu haukuja kwa mkupuo. Tiktaalik, samaki wa kale ambaye kisukuku chake cha miaka milioni 375 kilipatikana Kanada mwaka 2004, tayari alikuwa na shingo na mifupa ya kiwiko ndani ya pezi, ila nyonga yake, japo kubwa, haikuungana mfupa kwa mfupa na uti wa mgongo.

Umbo peke yake halitoshi. Theluthi mbili hivi za uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni, protini ya nyuzinyuzi inayozuia ufa usisambae. Hapa ndipo maji ya chini ya Mlima Meru yanapoleta balaa. Mengi yana madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Floraidi huingia ndani ya fuwele za mfupa. Kwa anayeyanywa miaka mingi, mfupa huonekana mzito kwenye eksirei kumbe ni dhaifu, na watoto wengine hupinda miguu. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.

Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, karibu na Mlima Meru, hutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa kuwa madini yaleyale huinasa floraidi kabla haijafika mwilini. Mkaa ukishashiba huacha kunasa, na lazima ubadilishwe hata kama maji bado yanatoka maangavu.