Kizunguzungu cha simuleta: kulewa bila kusogea

Mtu anayetapika chomboni, watu wa pwani husema amelewa bahari. Hakunywa kitu, mawimbi ndiyo yaliyomlevya. Kizunguzungu cha simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urushaji wa ndege au uendeshaji wa chombo, na cha miwani ya uhalisia pepe (VR), inayokuonyesha ulimwengu wa kompyuta kana kwamba uko ndani yake, ni ndugu wa ulevi huo, ila chenyewe kimepinduliwa. Abiria aliyejifungia ndani ya boti ya Unguja huona viti na kuta zimetulia, huku mwili ukihisi chombo kinapanda na kushuka. Aliyevaa miwani huona anapaa na kukata kona, kumbe mwili uko palepale kitini.

Ndani kabisa ya kila sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, inayohisi kichwa kinapogeuka, na vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa, vinavyohisi mwendo wa kusonga na mvutano wa dunia. Ubongo hulinganisha habari za sikio na za macho, misuli na viungo, kisha huzipima kwa yale uliyozoea. Zisipopatana, ndipo jasho la baridi linapotoka, mate yakajaa mdomoni, kichwa kikauma na moyo ukachafuka. Watafiti James Reason na Joseph Brand waliieleza nadharia hii kwa kina mwaka 1975. Ushahidi wake mzito ni kwamba watu ambao viungo vya mizani vya masikio yote mawili vimekufa kabisa, kwa kawaida hawalewi bahari.

Si wote wanaoridhika nayo. Mwaka 1991 watafiti Gary Riccio na Thomas Stoffregen walisema chanzo ni mwili kushindwa kudhibiti mkao wake katika mazingira mageni.

Mimi naona neno la kushika hapo ni kuzoea. Taarifa za mwanzo za tatizo hili zilitolewa mwaka 1957, kuhusu simuleta ya helikopta ya jeshi la wanamaji la Marekani, na waliougua zaidi walikuwa wakufunzi, si wanafunzi. Mkufunzi aliyerusha helikopta halisi kwa miaka mingi anajua mwili unapaswa kuhisi nini kila chombo kinapoinama. Simuleta isipompa hisia hiyo, ubongo wake hugutuka. Wa mwanafunzi bado hauna cha kulinganisha. Kwa hiyo anayeugua asiitwe mlegevu, maana mwili wake unafanya kazi yake sawasawa.

Mitambo nayo ina lawama. Ukigeuza kichwa na picha ikachelewa kukufuata, hata kidogo tu, utachafukwa; ndiyo maana watengenezaji hulenga ucheleweshaji usiozidi milisekunde 20 hivi, yaani sehemu 20 za elfu za sekunde. Lenzi zisipolingana na nafasi iliyo kati ya mboni zako, macho huchoka. Tena kusogezwa kwa kitufe hulevya kuliko kutembea kwa miguu yako, kwa sababu ukitembea sikio nalo linashuhudia mwendo.

Ukiona dalili ya kwanza, vua miwani hapohapo. Kujikaza ili uzoee huzidisha ugonjwa. Mwili huzoea kwa vipindi vifupi vinavyopishana na mapumziko ya kutosha. Tena hali hii inaweza kudumu saa kadhaa baada ya mchezo kwisha. Marubani wa kijeshi hulazimika kusubiri kabla ya kurusha ndege halisi, na wewe usishike usukani wa gari wala pikipiki mpaka kichwa kitulie kabisa.