Ini la bucha na panya wa maabara

Asubuhi moja sokoni Chake Chake niliona muuza nyama akikata ini la ng'ombe, kisu kikakwaruza kama kimepita mchangani. Akaliweka kando, halikuuzwa. Mirija ya nyongo ilikuwa imeshika chokaa kwa minyoo ya ini. Hiyo ndiyo patholojia, kuusoma ugonjwa ndani ya nyama yenyewe, ingawa wengi wakilisikia neno hilo mawazo huenda mochwari moja kwa moja.

Kazi hiyo hufanywa pia kwa wanyama wa utafiti, na watu huisemea mengi yasiyo kweli. Ati mwanapatholojia, mtaalamu wa kazi hiyo, huitwa mnyama akishakufa. Akiitwa siku hiyo amechelewa. Panya wa maabara akizeeka hupata maradhi yake mwenyewe ya figo, na asiyelijua hilo ataisingizia dawa inayojaribiwa. Kwa hiyo mtaalamu huyu huulizwa tangu utafiti unapangwa: mnyama gani, wa umri gani, viungo vipi vitachukuliwa.

Ati ugonjwa wa mnyama ni ule ule wa mtu. Tutazame kichocho, tunachokijua sana huku Pemba: mtoto anaoga mtoni, siku zinapita, anakojoa damu. Wengi hudhani mnyoo ndio unaotafuna kibofu. Hautafuni. Unakaa ndani ya mishipa ya damu. Mayai yake ndiyo yanayokwama kwenye nyama, na mwili ukiyazingira hufanya vinundu, baadaye makovu. Maabarani mnyoo huu hufugwa ndani ya hamsta, kijinyama cha jamii ya panya, na hapo ndipo hadubini ilipoonesha jambo: mayai mengi huishia kwenye ini na utumbo, kibofu kinapata kidogo mno. Basi hamsta ni mfugaji mzuri wa mnyoo lakini ni shahidi dhaifu wa kibofu cha mtoto. Ikabidi watafiti wadunge mayai kwenye ukuta wa kibofu cha panya.

Ati mzoga utiwe friza usubiri kesho. Barafu hupasua seli, na utumbo wa panya huanza kuharibika upesi sana. Badala yake hukatwa kipande chembamba kikatiwa kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, iliyo mara 10 ya ujazo wake. Kipande kikiwa kinene, dawa hushika nje tu, katikati kikaoza.

Ati mwanapatholojia anayesoma vipande kwa hadubini akijua mnyama yupi kapewa dawa, kazi imeharibika. Si lazima. Mara nyingi husoma mwanzo akijua, apate kutambua badiliko lililoletwa na dawa ni lipi. Akishalitambua, vioo vilivyobeba vipande huchanganywa, lebo zikafunikwa, akaanza upya kutoa alama za ukubwa wa badiliko hilo.